Baruti ya kuwindia naichagua kwa ajili ya risasi ya pili

Karibu kila mwindaji anayeanza kujaza risasi zake mwenyewe, yaani kuunganisha ganda, baruti, kichwa na fataki inayoiwasha baruti, huuliza swali lilelile: baruti gani inatoa kasi kubwa zaidi? Jibu lake halihitaji mtaalamu. Fungua kitabu chochote cha vipimo kilichotolewa na mtengenezaji wa baruti, tafuta ganda lako na uzito wa kichwa cha risasi yako, soma safu ya kasi, na baruti iliyo juu utaiona. Nami nilipita njia hiyo. Ila kadiri nilivyozidi kuwinda ndivyo swali lilivyobadilika. Ninachotaka kujua siku hizi ni hiki: nikishafyatua risasi ya kwanza, juani, bunduki ikiwa imepata moto, je, bolti, kile chuma kinachofunga chemba risasi inamokaa, itafunguka bila kubisha? Ganda litatoka? Risasi ya pili itaingia chemba na kulipuka kama ile ya kwanza?

Mnyama aliyejeruhiwa anadai risasi ya pili mara moja, na ni haki yake kuipata. Mita 20 au 30 za kasi kwa sekunde hazimsaidii kitu. Chukua kichwa kinachotoka mtutuni kwa mita 800 kwa sekunde na kingine cha umbo hilohilo kinachotoka kwa mita 830. Kwenye umbali wa mita 150 tofauti ya kushuka kwao haifiki sentimita 2, tena hiyo ni kabla hujarekebisha darubini. Lakini kuzipata zile mita 30 za nyongeza mara nyingi kunakupeleka kwenye ukingo wa shinikizo, mahali ambapo joto kidogo tu linatosha kulifanya ganda ling'ang'anie chemba. Hapo ndipo uamuzi wangu wote kuhusu baruti unapoanzia.

Mzee aliyenifundisha kazi hii hakunionyesha kopo hata moja mpaka nilipoweza kumweleza kinachotokea ndani ya ganda. "Mwanangu," aliniambia, "wewe huchagui baruti. Ganda na kichwa vinachagua, wewe unasikiliza." Akaanza kunieleza, na maelezo yake yamenisaidia kuliko jedwali lolote.

Baruti isiyo na moshi, ile ambayo Mfaransa Paul Vieille aliifanikisha mwaka 1884, hailipuki kwa pamoja kama watu wanavyodhani. Inaungua, na moto unaila kutoka usoni kwenda ndani. Kwa hiyo umbo la punje, ukubwa wake, na tundu lililopita katikati yake ndivyo vinavyoamua gesi itazaliwa kwa kasi gani. Juu ya punje hupakwa kemikali ya kupunguza kasi ya moto mwanzoni, kisha grafiti ili punje zisigandane wala zisikusanye umeme tuli. Msingi wake ni nitroselulosi. Baadhi huongezewa nitrogliserini ili zitoe nguvu zaidi kwa ujazo uleule, na gharama yake ni moto mkali zaidi unaokula koo la mtutu. Baruti nyeusi ya gobore, ile ya shura, makaa na kibiriti, ni kitu kingine kabisa. Anayeweka baruti isiyo na moshi kwenye silaha iliyojengwa kwa baruti nyeusi anajitengenezea bomu mkononi.

Sasa fikiria ganda kubwa lenye shingo nyembamba, kama la .270 Winchester. Baruti ni nyingi, tundu la kutokea ni dogo. Ukijaza baruti ya haraka, gesi yote inazaliwa kabla kichwa hakijasogea vya kutosha kuipa nafasi, na shinikizo linapanda mpaka chuma kishindwe. Ganda hilo linataka baruti ya polepole, inayoendelea kusukuma wakati kichwa kinakimbia mtutuni. Kinyume chake, ganda dogo lenye mdomo mpana kulinganisha na tumbo lake linataka baruti ya haraka zaidi, la sivyo nusu ya punje zitatoka mdomoni mwa bunduki zikiwa bado zinaungua. Uzito wa kichwa nao una sauti yake. Kichwa kizito kinachelewa kuondoka, hivyo kinahitaji baruti ya polepole kuliko kichwa chepesi kwenye ganda lilelile.

Ukishaelewa hilo, majina yaliyoandikwa kwenye makopo yanaanza kuwa na maana. Kwa .308 Winchester yenye kichwa cha greini (kipimo kidogo cha uzito) 150 hadi 168, mkono wangu unakwenda kwenye Varget, IMR 4064 au N140 ya Vihtavuori, kampuni ya Finland. Kwa .30-06 yenye kichwa cha greini 180 naenda hatua moja polepole zaidi: H4350 au N160. Kwa .270 yenye greini 130 hadi 150, H4831 imekuwa rafiki wa wawindaji kwa vizazi, na haijanipa sababu ya kuiacha. Ukifika kwenye .300 Winchester Magnum na vichwa vizito, uwanja ni wa H1000 na N165. Anayetumia .375 H&H na kichwa cha greini 300 atashangaa kukuta anarudi kwenye zile zile za .308 na .30-06, kwa sababu mdomo wa ganda hilo ni mpana na unaachia gesi mapema.

Utaona sijaandika uzito wowote wa baruti, wala sitaandika. Uzito unatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, kwa ganda lako, kichwa chako na fataki yako, na unaanzia kwenye kipimo cha chini kilichoandikwa humo. Kipimo cha mtu mwingine ni cha chemba ya mtu mwingine.

Yapo majedwali yanayopanga baruti zote kuanzia ya haraka hadi ya polepole. Ninalo moja ukutani na nalipenda, lakini nalitumia kujua ujirani tu. Nafasi ya baruti kwenye jedwali hupimwa katika mazingira fulani, na ndani ya ganda jingine baruti mbili jirani zinaweza kubadilishana nafasi. Jedwali haliniambii kamwe ni kiasi gani cha kuweka. Nimewahi kumzuia mtu mkono akiwa tayari anamimina, kwa hoja kwamba "hii na ile ziko mstari mmoja." Kuwa mstari mmoja ni ujirani tu.

Baada ya kupata baruti tatu au nne zinazofaa, kitu cha kwanza ninachotazama ni kama baruti inalijaza ganda. Napenda baruti ambayo kipimo chake kizuri kinafika karibu na chini ya kichwa, asilimia 90 ya nafasi au zaidi, hata ikibanwa kidogo kama kitabu kinaruhusu. Sababu zangu ni mbili, na zote nimezishikilia kwa miaka. Baruti iliyojaa haina pa kuhamia. Ganda likiwa na nafasi tupu, punje hulala upande mmoja au mwingine kutegemea bunduki ilielekea wapi, na mwako unabadilika kwa mlalo huo. Mwindaji hapigi akiwa ameketi mezani kila mara. Anapiga kuelekea bondeni, anapiga kuelekea mlimani, na risasi iliyojaa vizuri haijali.

Sababu ya pili ni usalama. Ganda lililojaa karibu mpaka shingoni haliwezi kupokea kipimo maradufu bila kumwagika mezani mbele ya macho yako. Baruti ya haraka inayokaa robo ya ganda inaweza kumiminwa mara mbili na usijue.

Hapa niseme jambo kwa wale wanaotaka risasi laini kwa kijana anayejifunza, au kwa bega lililochoka. Usichukue baruti ya polepole ukaipunguza sana kwenye ganda kubwa. Kuna ajali za bunduki kupasuka kwa vipimo vidogo vya aina hiyo, na wajazaji wazoefu wanaiheshimu hatari hiyo. Njia salama imeandikwa wazi: Hodgdon, kampuni ya baruti ya Marekani, wanaruhusu H4895 ishushwe hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu, kwa risasi ambayo wao wenyewe wameiorodheshea baruti hiyo. H4895 inashika moto kirahisi na inaungua sawasawa hata ikiwa chache. Nimewafundishia vijana kwa njia hiyo na sijapata sababu ya kutafuta nyingine.

Sasa tufike kwenye joto, ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo hili.

Baruti yenye joto inaungua haraka kuliko baruti baridi. Karibu kila baruti. Tofauti ni kiasi. Nilipoanza kupima, nilikuwa na kipimo kilichofanya vizuri asubuhi: matundu matatu yaliyokaa karibu, bolti laini, fataki zenye kingo za mviringo. Risasi zilezile, bunduki ileile, mchana jua likiwa kichwani na risasi zikiwa zimekaa juu ya jiwe, kasi ikapanda kwa zaidi ya mita 20 kwa sekunde na bolti ikaanza kuhitaji msukumo wa kiganja. Ile ilikuwa baruti ya punje za mviringo, nzuri kwa mengi, ila moto unaipeleka. Nilipojaza ganda lilelile kwa baruti ya vijiti iliyotengenezwa isitikiswe na joto, tofauti ya asubuhi na mchana ilipungua mpaka ikawa haionekani kirahisi kwenye kipima mwendo.

Watu wanapozungumzia baruti isiyotikiswa na joto, mara nyingi huzungumza kama wapigaji wa masafa marefu: kasi ikibadilika, kichwa kinashuka tofauti kule mita 800. Ni kweli kwao. Kwa mwindaji anayepiga mita 80, 150, au 200, kushuka huko ni kitu kidogo mno. Kinachomhusu mwindaji ni shinikizo. Kasi iliyopanda mchana ni dalili kwamba shinikizo limepanda pamoja nayo, na ganda lililobanwa na shinikizo la ziada ndilo linalokataa kutoka. Tena risasi haipati joto la jua peke yake. Ukipiga mara mbili tatu kisha ukaiacha risasi ndani ya chemba yenye moto, dakika chache baadaye baruti yake imekuwa moto kuliko hewa iliyo nje. Hiyo ndiyo risasi ya pili. Hiyo ndiyo utakayoihitaji.

Jambo hili ni la kale kuliko sisi. Waingereza walipobuni kordaiti, baruti yao isiyo na moshi, mwaka 1889, mchanganyiko wake wa kwanza ulikuwa na asilimia 58 ya nitrogliserini. Ilikula mitutu vibaya hata mwanzoni mwa karne ya 20 wakaibadilisha na yenye asilimia 30. Ilikuwa pia na tabia ya kupandisha shinikizo kwenye nchi za joto. Watengenezaji wa bunduki za wanyama wakubwa wakajibu kwa ukubwa wa ganda. Tazama .416 Rigby ya mwaka 1911: ganda kubwa ajabu kwa kazi inayofanya, na hadi leo kikomo cha shinikizo lake kwa viwango vya CIP, tume ya kimataifa ya viwango vya silaha na risasi, ni megapaskali 325 tu, wakati .308 Winchester ndogo inaruhusiwa megapaskali 415. Upana ule ulikuwa akiba. Waliomjengea mwindaji wa nchi za joto walitaka ganda litoke hata siku ya jua kali, na walikubali kubeba shaba zaidi ili wapate hilo. Nikilishika ganda lile mkononi nahisi naongea na watu wanaonielewa.

Leo akiba hiyo tunaweza kuipata kwenye kemia yenyewe. Baruti za Hodgdon wanazoziita Extreme, zikiwemo Varget, H4350, H4831, H4895 na H1000, hutengenezwa Australia na kiwanda cha ADI, na zilibuniwa makusudi zisibadilike sana baina ya baridi na joto. Vihtavuori wa mfululizo wa N100, zisizo na nitrogliserini, nazo zimenitendea haki. Haimaanishi kila baruti ya vijiti ni tulivu na kila ya mviringo ina tabu, wala baruti tulivu kwenye ganda moja haiahidi utulivu uleule kwenye jingine. Lazima upime mwenyewe.

Na upime mchana. Hili ningependa kila anayejaza risasi za kuwindia alishike. Watu hupenda kwenda kiwanjani alfajiri kwa sababu hewa imetulia, hakuna mawimbi ya joto mbele ya darubini, na matundu yanapendeza. Kwa kutafuta usahihi ni sawa. Lakini kipimo cha mwisho, kile ninachotaka kukiita changu, nakithibitisha saa saba au saa nane mchana, siku ya joto, risasi zikiwa zimekaa kwenye kivuli chenye joto la kawaida la siku ile, na mtutu ukiwa umeshapigiwa. Kikikaa vizuri hapo, narudi nacho siku ya baridi kuona kama fataki inakiwasha sawasawa. Kipimo kilichopita saa zote mbili ndicho ninachokiandika kwa wino.

Dalili za shinikizo zinafundishwa kila mahali, na lazima uzijue: fataki iliyolala bapa, alama inayong'aa ya kichomozi kwenye kitako cha ganda, bolti nzito, tundu la fataki linalolegea baada ya kujaza mara chache. Ila usiziamini kama kipimo. Fataki laini hulala kwenye shinikizo la kawaida, fataki ngumu huvumilia la hatari, na mpaka bolti ianze kubisha mara nyingi umeshavuka mpaka zamani. Kifaa kinachosema ukweli zaidi kwenye meza ya mtu wa kawaida ni kipima mwendo. Kama kitabu kinasema kipimo cha juu hutoa mita 820 kwa sekunde kwenye mtutu wenye urefu kama wako, nawe umefikisha mita 820 ukiwa bado chini ya kipimo hicho, basi shinikizo lako nalo limeshafika juu. Kasi haitoki hewani. Simama pale, hata kama fataki zinapendeza.

Kuhusu umbo la punje sitakaa sana. Vijiti virefu hupenda kukwama kwenye chombo cha kumiminia, na vinahitaji mizani na subira. Punje za mviringo humiminika kama mchanga. Matoleo yenye vijiti vifupi, kama H4831SC, yanakaa katikati. Kwa anayejaza maelfu ya risasi za shabaha hilo ni jambo kubwa. Kwa mwindaji anayejaza ishirini au thelathini kabla ya msimu, kupima kila moja kwenye mizani si mzigo. Ujue tu kwamba punje nyingi za mviringo zimepakwa kizuizi kizito cha moto, na vitabu mara nyingi huzitakia fataki ya magnum, hasa kwenye baridi. Fuata fataki iliyotajwa. Kubadilisha fataki ni kubadilisha kipimo.

Namba zinazofanana ni jambo ambalo nalirudia kwa kila anayeketi nami mezani. Iko IMR 4350, iko H4350, iko Accurate 4350. Tatu tofauti, na vipimo vyake haviingiliani. Vivyo hivyo IMR 4831 na H4831, IMR 4895 na H4895. Chanzo chake ni historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon alinunua baruti za ziada za jeshi la Marekani akawauzia wajazaji wa kiraia. 4831 yake ya kwanza ilikuwa baruti ya mizinga ya milimita 20, na 4895 ilitumika kwenye risasi za .30-06 za kijeshi. Namba zikabaki, watengenezaji wakagawanyika, na baruti zikaendelea kubadilika kila moja kwenye njia yake. Upande wa pili zipo baruti zenye majina tofauti ambazo ni kitu kimoja: AR2209 ya ADI ndiyo inayouzwa na Hodgdon kwa jina la H4350, na ADI wenyewe wanachapisha jedwali la ulinganisho huo. Kwa hiyo nasoma jina lote kwenye kopo, herufi na namba, kisha nalisoma tena kitabuni. Mezani kunakaa kopo moja tu. La pili halifunguliwi mpaka la kwanza lirudi kabatini, na baruti iliyobaki kwenye chombo cha kumiminia inarudi kwenye kopo lake siku hiyohiyo. Baruti niliyoikuta kwenye chupa isiyo na lebo siitumii, hata kama mtu mzima ninayemheshimu ananiapia kwamba anaijua.

Mara nyingi naambiwa mtutu mfupi unataka baruti ya haraka. Kwa bunduki za kuwindia hili halijawa kweli kwenye kipima mwendo changu, na wengi waliopima wameona hivyohivyo: baruti inayoongoza kwa kasi kwenye mtutu mrefu kwa kawaida inaongoza pia kwenye mfupi, tofauti inapungua tu. Unacholipa na mtutu mfupi ni kishindo na mwako mdomoni. Kwa anayewinda jioni mwako huo si mdogo, kwa sababu unalifumba jicho wakati ule ule unapotaka kuona mnyama amekwenda wapi. Baadhi ya baruti zina viungo vya kupunguza mwako, na ikiwa baruti mbili zinalingana katika mengine yote, nachukua yenye mwako mdogo. Vilevile uzito wa baruti unaingia kwenye teke la bunduki. Risasi yenye greini 10 zaidi za baruti kwa kasi ileile inapiga bega zaidi, na bega linaloogopa huharibu shabaha kuliko chochote tulichojadili hapa.

Usahihi nautafuta mwisho, tena kwa kiasi. Bunduki inayoweka risasi tatu ndani ya sentimita 4 kwenye mita 100, kutoka mtutu baridi, inatosha kwa wanyama wote ninaowinda kwa umbali ninaojiruhusu. Wapo wanaobadilisha baruti wakikimbilia sentimita 1 au 2 chini ya hapo. Muda huo napendelea kuutumia nikipiga nikiwa nimepiga goti, au nikiegemea fimbo. Muhimu zaidi kwangu ni kwamba risasi ya kwanza kutoka mtutu baridi na ya tatu kutoka mtutu wenye moto ziende mahali pamoja, na hapo tena ile baruti tulivu hunirudishia fadhila.

Kisha kuna swali ambalo halihusiani na kemia: utaipata tena? Baruti bora kuliko zote isiyopatikana baada ya msimu mmoja inakurudisha mwanzo. Ukichagua, tazama ipi imekuwepo sokoni kwa muda mrefu na inafaa zaidi ya ganda moja ulilonalo. Anayemiliki .308 na .30-06 anaweza kuishi vizuri na makopo mawili. Sheria za leseni, kiasi unachoruhusiwa kuweka nyumbani na namna ya kusafirisha, zijue kabla hujanunua.

Baruti niliyonayo naiweka kwenye kopo lake la asili, mahali pakavu pasipo joto, mbali na fataki. Nitroselulosi huchakaa polepole, na kemikali ya kuituliza iliyomo, kama difenilamini, huisha haraka zaidi kwenye joto. Nafungua na kunusa. Baruti nzima ina harufu ya kileo au etha. Ikiwa inachoma pua kwa ukali wa asidi, ikiwa vumbi la rangi ya kutu limeonekana, au mvuke mwekundu, hiyo si ya kujazia tena na haifai kukaa ndani ya nyumba. Kifuniko kinakazwa kila mara, kwa sababu baruti iliyokauka zaidi ya ilivyotoka kiwandani inaungua haraka zaidi, na iliyonyonya unyevu inaungua polepole. Vyote viwili vinakivuruga kipimo ulichokihangaikia.

Kila kopo lina namba ya fungu la kiwanda. Naiandika daftarini kando ya kipimo, pamoja na jina la kichwa, fataki, maganda, hali ya joto na kasi. Mafungu mawili ya baruti moja hayawi mapacha, hata kutoka kwa watengenezaji makini. Kopo jipya lenye namba tofauti likifika, kile kipimo cha wino kinarudi kuwa cha penseli. Nashuka chini, napanda kidogokidogo, nikilinganisha kasi na ile ya fungu la zamani, na sibebi risasi zake kwenda kuwinda mpaka nizipige juani mtutu ukiwa na moto na bolti ifunguke kwa vidole viwili.